Mbegu hazishiki protini ya zona: tuanzie wapi kukagua

Umevika shanga ndogo za jeli ya agarosi protini ya ZP2, umeziingiza kwenye tone lenye mbegu za kiume, umesubiri nusu saa, umeosha, sasa unachungulia hadubini. Shanga nyeupe pee. Mbegu zinapita kando yake zikipiga mikia, wala hazina habari nazo. Neno la kwanza linalomtoka mtu hapo ni "protini imeharibika". Mara nyingi protini inasingiziwa. Kwa miaka niliyokaa kwenye benchi nimejifunza kuiweka ya tatu au ya nne katika orodha ya washukiwa, nyuma ya mbegu zenyewe, maji zinamoogelea na mkono ulioshika pipeti.

Kwa asiyeifahamu kazi hii: zona pelusida ni koti la protini na sukari linalolizunguka yai, unene wake kwa binadamu ni mikromita 13 hadi 20 hivi. Limefumwa kwa protini nne, ZP1, ZP2, ZP3 na ZP4. Panya wa maabara ana tatu tu, jeni yake ya ZP4 ilishakufa zamani, kwa hiyo usichukue kila kitu cha panya ukakibandika kwa mtu. Mayai ya binadamu ni haba na yana heshima yake, na zona ya yai moja ni kidogo mno kwa majaribio ya kila siku. Ndiyo maana jeni hizo hupandikizwa kwenye bakteria, seli za wadudu au seli za mamalia ili zitutengenezee protini ya kutosha. Maswali tunayoiuliza ni mawili: mbegu zinaishika? Na zikiishika, akrosomu, yaani ile kofia ya vimeng'enya iliyo kichwani mwa mbegu, inafunguka?

Hazishiki kabisa

Anza na mbegu. Mbegu iliyotoka kwenye manii haijaiva. Jambo hilo lilionyeshwa mwaka 1951 na Chang huko Marekani na Austin huko Australia, kila mmoja kwa njia yake: mbegu inahitaji muda ndani ya njia ya uzazi ya mwanamke kabla ya kuweza kulitungisha yai. Kuiva huko huitwa kapasitesheni. Kwenye kisahani tunakuiga kwa bikaboneti, kalsiamu, albumini, joto la nyuzi 37 na saa kadhaa za subira. Wengi huziacha saa 3 hadi 6, wengine huzilaza hadi kesho yake. Ukiziosha na kuzitumia papo hapo utapata mbegu zenye afya, zinazoogelea vizuri, na zisizo na haja na zona yako.

Utajuaje kama zimeiva bila mashine ya gharama? Tazama mwendo. Mbegu changa huenda moja kwa moja kama bodaboda kwenye lami. Zilizoiva, baadhi yake huanza vurugu: kichwa kinayumba huku na huko, mkia unachapa kwa pembe pana, inazunguka palepale. Usitegemee kuona zote zikifanya hivyo, sehemu ndogo inatosha. Usipoona hata moja, simamisha jaribio na urudi kwenye maji.

Maji nayo yana hila yake. Mchanganyiko wa bikaboneti umetengenezwa ukae ndani ya inkubeta yenye kabonidioksaidi ya asilimia 5 au 6. Ukiuacha wazi mezani, gesi inatoroka na pH inapanda. Kama una kipimarangi cha fenoli utaona rangi ikitoka kwenye chungwa lililofifia kuelekea waridi, kisha zambarau. Ikishafika zambarau usiendelee. Pasha na uuache mchanganyiko unywe gesi ndani ya inkubeta tangu jana yake, kifuniko kikiwa kimelegezwa. Kosa la kukaza kifuniko hadi mwisho nimelishuhudia zaidi ya mara moja, na mmoja wa waliolitenda ni mimi. Kwa kazi ya mezani tumia mchanganyiko wenye HEPES, kemikali inayotuliza pH bila gesi, ila kumbuka kwamba kuiva kunahitaji bikaboneti, na HEPES haiwezi kuchukua nafasi hiyo.

Mbegu zikiwa sawa na maji yakiwa sawa, sasa jiulize: kipande cha protini ulichotengeneza kinatakiwa kushikwa? Hapa wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Kundi la Jurrien Dean huko Bethesda, Marekani, lilitengeneza panya wenye zona iliyo na protini za binadamu, na mwaka 2012 likaripoti kwamba mbegu za binadamu, ambazo kwa kawaida hazina habari na zona ya panya, zilishika pale tu ilipokuwepo ZP2 ya binadamu. Zilipenya hata ndani, zikakwama hapo kwa kuwa hazikuweza kuungana na yai la panya lenyewe. Mwaka 2014 kundi hilohilo likaonyesha kwamba kinachoshikwa ni kipande cha mwanzo wa mnyororo wa ZP2, wakitumia shanga kama hizi zako. Upande wa pili, kundi la Satish Gupta huko New Delhi, lililotengeneza protini za binadamu kwenye bakteria na kwenye seli za wadudu, lilikuta ZP3 na ZP4 zikishikwa na mbegu ambazo kofia bado ipo, huku ZP2 ikishikwa na zile ambazo kofia imeshafunguka.

Sitaamua kesi hiyo hapa. Kwa fundi, tofauti hiyo ina maana ya moja kwa moja. Kama unatumia ZP2 kamili kwa mtindo wa New Delhi na mbegu zako karibu zote zina kofia, shanga tupu si kosa, ni jibu. Na kama unatumia kipande cha mwanzo cha ZP2, angalia mkia wa histidini, yaani kile kipande cha ziada kinachoinasisha protini kwenye nikeli ya shanga, umeuweka upande gani. Ukiuweka mwanzoni, shanga inaishika protini mahali palepale ambapo mbegu ilitakiwa kuishika. Ni kama kufunga mlango kisha ukaning'iniza kufuli upande wa ndani. Hamishia mkia huo mwishoni mwa mnyororo kabla ya kubadili kitu kingine.

Zinashika kila kitu

Dalili hii hufurahisha kwa dakika kumi. Shanga zimejaa mbegu kama sukari iliyovamiwa na siafu, unapiga picha, unamwita mwenzako. Kisha unaangalia shanga za kontroli, zilizovikwa albumini au hazikuvikwa kitu, na kumbe nazo zimejaa vilevile.

Mara nyingi sababu ni uoshaji hafifu. Mbegu ni nyingi, zinagongana na shanga, nyingine zinanasa kwa bahati tu. Katika majaribio ya zona nzima kuna utaratibu mzuri ambao watu wa shanga wanaweza kuuazima: kwenye kisahani kimoja huwekwa pia viinitete vya panya vya seli mbili, ambavyo zona yake imeshabadilika baada ya kutungishwa na haitakiwi kushika mbegu. Unaosha kwa pipeti yenye mdomo mpana hadi kwenye kiinitete hicho zibaki mbegu 2 hadi 6, hapo unasimama. Kontroli ndiyo inayokuambia uoshe mara ngapi. Ukijipangia "nitaosha mara tano" bila kuitazama, siku ya manii mazito utaosha kidogo na siku ya manii mepesi utapitiliza.

Kama kuosha hakusaidii, tazama kinachoshika ni sehemu gani ya mbegu. Kichwa kikiwa kwenye shanga na mkia ukicheza nje, hiyo ni dalili ya mshiko wenye maana. Mkia ukiwa ndio umenasa na kichwa kikihangaika hewani, au mbegu imelala ubavu haitikisiki, hiyo ni gundi tu. Mbegu zilizokufa hunata. Zipitishe kwenye tabaka za kimiminika kizito za asilimia 40 na 80 ndani ya sentrifuji, au uziache zipande zenyewe kutoka chini ya mrija, ili uanze na zilizo hai.

Kontroli ya shanga tupu haitoshi. Weka pia shanga zenye protini nyingine kabisa yenye mkia uleule wa histidini, iliyosafishwa kwa njia ileile. Bila hiyo hutajua kama mbegu zinampenda ZP2 au zinapenda nikeli.

Kuna pia makundi ya mbegu zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe, vichwa kwa vichwa au mikia kwa mikia, yakaangukia kwenye shanga. Hayo tafuta chanzo chake kwa mchangiaji: kingamwili dhidi ya mbegu, au maambukizi ya bakteria. Sampuli ya namna hiyo usiitumie.

Mbegu zinalegea au kufa ukiongeza protini

Hapa ndipo methali ya kikulacho ki nguoni mwako inapotimia. Tuliwahi kukaa karibu wiki tatu tukiamini tumepata kipande cha ZP3 chenye uwezo wa kuzuia mwendo wa mbegu. Kila tukiongeza dozi, mwendo unapungua, mstari wa grafu umenyooka hata ungeweza kuutundika ukutani. Mwenzetu mmoja, mtu asiyependa kuongea, akachukua bafa ya mwisho ya kusafishia isiyo na protini yoyote, akaiongeza kwa kiasi kilekile. Mbegu zikalegea vilevile. Ilikuwa imidazoli, kemikali tuliyotumia kuibandua protini kwenye safu ya nikeli, nasi hatukuiondoa ipasavyo. Imidazoli hiyohiyo hufyonza mwanga wa nanomita 280, kwa hiyo hata kipimo chetu cha wingi wa protini kilikuwa kimevimba. Tulikuwa na protini kidogo kuliko tulivyodhani na sumu nyingi kuliko tulivyodhani.

Tangu siku hiyo, bafa tupu iliyopitia njia zote ambazo protini ilipitia ndiyo kontroli yangu ya kwanza, kabla hata ya albumini.

Washukiwa wengine wa jamii hiyo wana alama zao. Mikia ikijikunja kama ya kinyonga, chumvi imepungua: protini yako imekuja na maji mengi, pima osmolaliti, yaani wingi wa vilivyoyeyuka ndani ya maji, irudi kwenye miliosmoli 280 hadi 300 hivi kwa kilo. Mwendo ukikoma ghafla kwenye visima vya sahani ulivyoongeza kingamwili, soma kibandiko cha kichupa, kwa sababu azidi ya sodiamu huwekwa humo kuzuia bakteria na huzima upumuaji wa seli yoyote, mbegu haina msamaha. Protini iliyotoka kwenye bakteria na kukunjwa upya inaweza kubeba mabaki ya urea au sabuni, na pia endotoksini ya ukuta wa bakteria. Dawa ya mengi ya haya, ukiacha endotoksini ambayo haitoki kwa njia hii, inachosha ila inafanya kazi: dayalisisi ndefu, yaani kuichuja protini ndani ya mfuko wa utando, bafa ibadilishwe mara tatu, na mara ya mwisho tumia mchanganyiko uleule wa mbegu usio na albumini.

Usisahau plastiki na glavu. Aina mpya ya mrija au glavu yenye unga huweza kuua mbegu kimyakimya. Kila shehena mpya ijaribiwe: mbegu ndani, saa 24, hesabu zinazotembea.

Akrosomu zimefunguka hata kwenye kontroli

Tunapaka lektini ya njegere, PSA, yaani protini inayoshika sukari za akrosomu, yenye rangi ing'aayo. Kofia ikiwepo, nusu ya mbele ya kichwa inawaka kijani kibichi. Ikishafunguka unabaki mkanda mwembamba katikati ya kichwa, au giza tupu. Wengine wanapenda lektini ya karanga, PNA. Zote mbili ni nzuri na zote mbili hudanganya kwa namna moja: mbegu iliyokufa hupoteza kofia yake kwa kuoza, na chini ya hadubini inafanana kabisa na ile iliyoifungua kwa hiari.

Kwa hiyo idadi kubwa ya kofia zilizofunguka bila kuchochewa, kwanza isome kama idadi ya maiti. Ongeza rangi ya kutenganisha hai na mfu, kama Hoechst 33258, kabla ya kukausha, kisha hesabu zilizo hai peke yake. Ukishafanya hivyo na bado kontroli iko juu, angalia mateso ya njiani: mzunguko wa kasi mno kwenye sentrifuji, mrija uliotoka nyuzi 37 ukawekwa kwenye chuma baridi, umeme uliokatika usiku inkubeta ikapoa na kupashwa tena. Mbegu zilizolazwa muda mrefu mno nazo hujifungua zenyewe.

Halafu sabuni. Hata chembe ya Triton iliyobaki kwenye mrija uliooshwa ili utumike tena inatosha kuchubua utando. Mirija ya kazi hii haioshwi, inatupwa.

Akrosomu hazifunguki

Hii ndiyo dalili inayotaka subira kuliko zote. Usiitatue bila kupanda ngazi ya vichocheo vitatu.

Ngazi ya chini ni ionofo ya kalsiamu, A23187, kwa mikromola 10 hivi. Hiyo haibembelezi, inaingiza kalsiamu ndani kwa nguvu, na mbegu yoyote hai yenye akrosomu nzima inapaswa kuitikia. Weka kisima chenye DMSO tupu pembeni, kwa kuwa ndiyo inayobeba ionofo. Tofauti kati ya visima hivyo viwili ikiwa chini ya asilimia 10, shida ni mbegu au kalsiamu, protini haihusiki. Kama umetumia kizuizi cha vimeng'enya chenye EDTA wakati wa kusafisha, EDTA hiyo inakamata kalsiamu yako yote kabla mbegu haijaipata. Kama vichwa ni mviringo kama chembe za mtama, mchangiaji huyo hana akrosomu tangu kuumbwa, na hakuna protini itakayomfungulia kitu asichonacho.

Ngazi ya kati ni homoni ya projesteroni. Hii hufungua njia za kalsiamu ziitwazo CatSper kwenye mkia, jambo lililoonyeshwa mwaka 2011 na makundi mawili kwa wakati mmoja. Ionofo ikifanya kazi na projesteroni ikagoma, rudi kwenye kuiva kwa mbegu, au shuku CatSper ya mchangiaji.

Zote mbili zikifanya kazi na protini ya zona ikagoma, hapo tu ndipo una ruhusa ya kuitazama protini. Na swali la kwanza ni: ilitengenezwa wapi? Bakteria hawaipambi protini hii kwa sukari inayostahili. Kundi la New Delhi lilikuta ZP3 na ZP4 za bakteria zikishikwa na mbegu lakini haziifungui akrosomu, ilhali zilizotoka kwenye seli za wadudu ziliifungua. Kushikwa na kufungua ni kazi mbili, na hii ya pili inataka sukari. Seli za wadudu nazo huweka sukari fupi, yenye manosi nyingi, tofauti na ya yai la mtu. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba kwenye zona ya binadamu kuna sukari iitwayo sialili-Lewis-x ambayo mbegu huishika. Hiyo seli za wadudu za kawaida haziijengi. Kwa maoni yangu, kama swali lako ni kufunguka kwa akrosomu, usipoteze muda na bakteria. Anza na seli za wadudu kwa kuwa zina rekodi, kisha hamia seli za mamalia ukitaka kukaribia uhalisia.

Kupima ni rahisi: chukua protini kidogo, ikate sukari kwa kimeng'enya PNGase F, kisha endesha zote mbili kwenye jeli. Mstari ukishuka, sukari ilikuwepo. Usiposhuka hata kidogo, huenda haikuwepo.

Baki na uwezekano mmoja mkononi. Liu na Baker wa Melbourne walieleza wanaume ambao mbegu zao zinahesabika sawa, zinatembea sawa, hata zinaishika zona, ila akrosomu haifunguki zinapoifikia. Mchangiaji wako mmoja akigoma na wengine watatu wakaitikia, huenda umekutana na mtu wa aina hiyo. Usimfute kwenye daftari. Na kama unatumia mchangiaji mmoja tu kila wiki kwa sababu yupo karibu na hana maneno mengi, huna jaribio, una habari za mtu mmoja.

Protini haitoki kwenye seli, au inatoka madonge

Hapa nitakuwa mfupi. Protini za ZP zimeumbwa zifungamane na kuwa nyuzi. Mwishoni mwa mnyororo kuna kamba inayozifunga kwenye utando wa seli, na kabla yake pana mahali pa kukatwa na kimeng'enya kiitwacho furini. Ukiiacha kamba yote, protini inabaki imening'inia kwenye seli. Ukikata mapema mno, zinashikana kabla ya wakati na kuganda humohumo. Waliopata umbo kamili la ZP3 mwaka 2010, kundi la Luca Jovine huko Uswidi, walitumia ZP3 ya kuku na ilibidi wachezee mahali hapohapo pa kukatwa. Ukiona madonge, anzia hapo. Ukiona mstari mpana uliotandaa kwenye jeli usishtuke, ni sukari. Protini iliyogandishwa na kuyeyushwa mara tatu itupe, na ukiichuja pima tena wingi wake baada ya kuchuja, maana kichujio nacho hunywa sehemu yake.

Wahesabuji wawili, majibu mawili

Mmoja anapata asilimia 18, mwingine 31, slaidi ileile. Kaa nao. Mara nyingi wamegawanyika kwenye zile mbegu zenye kofia yenye mabaka, nusu inawaka nusu imezima: mmoja anaziita zimefunguka, mwingine anaziita bado. Amueni neno moja kabla ya kuanza, liandikwe kwenye karatasi ibandikwe kando ya hadubini. Slaidi zipewe namba na mtu wa tatu, majina ya visima yafunikwe, kila mmoja ahesabu mbegu 200 zilizo hai. Na slaidi zilizokwisha hesabiwa jana msizirudie leo kwa sababu matokeo hayakuwapendeza.